Makopo ya Ulezi ya Zenon Fransisko

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mume wangu, marehemu Zenon Fransisko, aliyezaliwa Pito tarehe 14 Machi 1932, mtoto wa tatu wa Mzee Fransisko na Mama Margareth, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1946, akaacha ili asaidie kulima.

Mwaka 1951 aliajiriwa kuwa mpishi katika kambi ya wajenzi wa barabara, na huko akaanza kuokota makopo madogo ya nyanya na ya dawa ya viatu, akiyasugua kwa majivu, akigonga maua na ndege kwa msumari butu bila kutoboa bati, kazi aliyoendelea nayo hata kambi ilipofungwa akarudi jembeni. Tulifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1958, tukajaliwa Agnesi, Flavian na Silvana, na wawili tuliowazika wakiwa wachanga.

Agosti 1974, tulipoambiwa tuhamie kijiji kipya cha ujamaa, kila kaya ilimwomba kumbukumbu ya kwao, naye akagonga kwenye kila kifuniko nyumba ya wenyewe, pamoja na mlango uliopinda wa Mzee Ignasi, aliyelalamika kwamba mchoraji angeunyoosha kidogo, kisha ndani akajaza ulezi wa shamba la zamani, akaziba kwa risasi iliyoyeyushwa. Novemba mvua ilikuta magunia ya mbegu nje, kwa kuwa nyumba mpya zilikuwa hazijaezekwa, ulezi ukaota na kuoza, na mbegu nzima iliyobaki kijijini ikawa ile ya ndani ya makopo.

Majirani waliona haya kumwambia ayakate, na mmoja wao, Cornelia, akalificha kopo lake chini ya kitanda. Mimi ndiye niliyesema, "Baba Agnesi, kata, watoto hawali picha." Alichukua mkasi wa bati, akaanza na kopo letu, akapita nyumba kwa nyumba siku mbili, na Cornelia akamletea lake mwenyewe. Tulisia kidogo kidogo, mwaka uliofuata kila kaya ikawa na mbegu.

Juni 1980 alianza kuugua kifua, akalazwa Sumbawanga mjini, akafariki tarehe 9 Februari 1981 alfajiri. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji na kupika tangu juzi, na wenzake wa shamba la kijiji.

Sikujuta kusema akate, lakini kwenye kopo letu alikuwa amegonga nyumba, jiko la nje, na mimi nikipepeta, na sikuwahi kumwambia kitu.

Lilikuwa zuri, Baba Agnesi. Sasa pumzika kwa amani.