Wasifu wa Mama Mbegu, Aliyekalia Kinu Chake

Ndugu, majirani, wateja, na ninyi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna keki, tulieni. Aliyelala hapa hakupenda kuongelewa huku watu wanaburuta viti. Nasoma mimi, mdogo wake wa kumfuata, kwa sababu binti yake kilio hakijamwachia sauti, na wazee wa ukoo wangepewa karatasi hii wangeandika kwamba marehemu alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa na huruma, na hivyo ni vitu viwili.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa kwanza kati ya watano, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na mashine ya kusaga. Baba ndiye aliyeiendesha mashine hiyo, kwa hiyo sote tulikua na unga kwenye nyusi. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alipolia mara ya kwanza mashine ilikuwa inanguruma, na bado wateja walimsikia wakageuka. Sauti hiyo hakuipunguza mpaka mwisho.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Hesabu alizipenda, kushona alikuchukia. Mfuko wa sketi yake haukukosa karanga za kukaanga. Siku moja mwalimu wa hesabu alimkuta taya linakwenda.

"Wewe! Una nini mdomoni?"

"Kidogo tu, mwalimu."

"Sikuuliza kiasi. Nimeuliza nini!"

Alisimama kwenye kona mpaka kengele, darasa zima likicheka, na nyumbani tukamwita Kidogo Tu hadi alipoanza kuota matiti na kurusha viatu. Maneno ya mwalimu yule yashikeni. Tutayahitaji.

Mwaka 1973 aliajiriwa kuosha sufuria katika jiko la chuo cha ufundi. Mwokaji mkuu alipougua, marehemu akashika oveni. Mwokaji alipopona akarudi, ila oveni haikurudishwa. Ni hapo jikoni alipokutana na mumewe, fundi seremala aliyeitwa kutengeneza rafu moja. Aliitengeneza rafu hiyohiyo mara tatu. Mara ya nne dada akamwambia, "Fundi, rafu haina ugonjwa. Sema shida yako." Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979, wakajaliwa binti mwaka 1981 na mtoto wa kiume mwaka 1984. Mpaka anafariki alimwita mumewe Fundi, na Fundi alimwita Bosi, na hakuna aliyekuwa anatania.

Mwaka 1994 aliacha kazi ya chuo akafungua duka lake la keki mbele ya karakana ya Fundi. Keki iliyomvutia watu ilikuwa ya korosho. Korosho alizitwanga kwenye kinu cha mama yetu, kinu cha mti mzito kilichokuwa kimekunywa mafuta miaka yote hiyo mpaka kikang'aa kwa ndani. Nusu ya unga wa ngano aliitoa, akaweka unga wa korosho mahali pake, na keki ikawa nzito, laini, isiyokauka upesi. Korosho zenyewe alikuwa akiletewa na kaka yake Fundi, mfanyabiashara wa korosho, ambaye yuko hapa mbele, shati jeupe. Shemeji, usiiname, sijafika kwako.

Sasa nasema lile ambalo watu wamelisema vibaya mtaani kwa miaka, na leo litasemwa sawasawa.

Mjukuu wake wa kwanza tunamwita Chiriku, kwa jinsi asivyofunga mdomo. Septemba 2008 alikuwa anatimiza miaka mitatu. Daktari alikuwa amemweleza binti, kwa lugha ya madaktari, kwamba mwili wa mtoto unakataa karanga, korosho, lozi na jamii ile yote. Binti akaja nyumbani na neno moja: "Mama, mtoto hali karanga." Kosa lilikaa ndani ya neno hilo. Sisi kwenye maongezi yetu hatuna neno moja la kuvibeba vitu hivyo vyote kwa pamoja. Tuna karanga, tuna korosho, tuna lozi, kila kimoja na jina lake na gunia lake. Mwambie mtu mtoto hali karanga, naye kwa moyo mweupe kabisa atampa korosho.

"Kwenye keki yake haitaingia hata punje," dada alimwambia binti. Na haikuingia. Alisugua meza, akafungia karanga zote kabatini, kisha kwa mapenzi ya bibi akatwanga korosho nyingi kuliko siku zote.

Chiriku alikula vipande viwili, akanyamaza. Ndivyo walivyojua. Midomo ikavimba, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Dada alimbeba akakimbia naye hadi zahanati ya mtaa wa pili, aproni kiunoni, kiatu mguu mmoja. Sindano ikamrudisha mtoto. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Keki yangu iko wapi?"

Kwenye ukumbi wa zahanati shemeji alianza kumfokea binti. "Ungesema vizuri! Mtu mzima hujui kusema?" Dada aliinuka kwenye benchi. "Keki nimeichanganya mimi. Mwenye neno la kumwambia mwanangu aje aniambie mimi." Hakuna aliyekwenda. Na mliokuwa mnanong'ona dukani kwamba binti alitaka kumuua mwanawe, leo mmelisikia lilivyokuwa. Kalisimulieni hivyo hivyo.

Kesho yake alitoa jikoni kila kitu. Sufuria na miiko aliyoweza kuisugua aliisugua, ya mbao akaigawa. Kikabaki kinu. Alikiosha kwa maji ya moto, akanusa, akaosha tena, akanusa. Mti ulikuwa umeshakunywa. Akampelekea Fundi karakanani. Fundi akakikata, akakigeuza juu chini, akakisugua msasa, kikawa kigoda.

"Kinu cha mama!" nilimpigia kelele. "Mama angesemaje?"

"Angesema nimekaa."

Akakiweka nje ya mlango wa duka, na toka siku hiyo hapo ndipo alipokaa. Aliyemuuliza zile korosho zimekwenda wapi alijibiwa, "Nimezikalia."

Ubao alioutundika ukutani haukusema "hakuna karanga." Ulisema: humu hamna karanga, korosho, lozi wala ndugu zao. Watu walicheka. Baadaye wakahama. Keki ya kulowesha mdomo walikwenda kuitafuta kwingine, na yeye akabaki na oveni moto na mbegu za alizeti.

Ndiyo, alizeti. Alizimenya, akazikausha, akazisaga kwenye mashine ndogo aliyoinunua makusudi, maana ile ya mtaani inasaga karanga za kila mtu. Mwanzoni alisaga kwa pupa, zikatoa mafuta, akapata rojo. Akajifunza kusaga kwa vituo, na kijiko cha unga wa ngano ndani ili zisigandamane. Mbegu za maboga alizitia kwenye biskuti. Za kwanza ziliungua zikawa chungu kama dawa, na Fundi akazila zote bila kusema kitu. Hapo ndipo nilipojua ile ndoa ni ya kweli.

Keki yake ya kwanza ya alizeti kwenda nje ilikuwa ya harusi. Ilitoka kwenye oveni rangi ya dhahabu, ikapambwa, ikapelekwa ukumbini. Bibi harusi akaikata. Ndani ilikuwa kijani kama mchicha.

"Ukungu!" mama wa bwana harusi alipiga ukelele. "Wametuletea keki yenye ukungu!"

Dada alitoka kwenye kiti chake cha nyuma, akapita katikati ya ukumbi wote ule, akachukua kipande akakila amesimama. Akachukua cha pili. "Ukungu ungekuwa mtamu hivi," alisema, "ningekuwa nauuza." Bibi harusi akacheka, akala. Shemeji yeye alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, sasa unawapikia watu chakula cha ndege! Mama Mbegu!"

Wiki iliyofuata jina hilo lilikuwa limeandikwa mbele ya duka kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama mlango. Mama Mbegu. Alisema kupewa jina bure ni zawadi, asiyetaka asingetoa.

Aliendelea kuchanganya na kuonja mpaka akagundua kwamba alizeti na ile soda ya kuumulia keki haviivi chungu kimoja. Vikikutana, ndani panakuwa kijani. Haidhuru mtu, inatisha macho tu. Akapunguza soda, akatia ndimu kidogo. Samahani, neno hilo kwake lilikuwa mwiko: akatia ndimu kijiko kimoja cha chai. Keki ikarudi rangi yake, na wateja nao mmoja mmoja. Wakaanza pia kuja wengine, kutoka mbali, kina mama wanaoshika watoto wao mkono dukani kama watu wanaovuka barabara. Mmoja alisimama mbele ya kabati la kioo akamwambia mwanawe, "Chagua unayotaka," kisha akatoka nje kulia, kwa sababu hakuwahi kumwambia maneno hayo.

Shemeji naye hakukata tamaa. Alikuja siku moja na bakuli limefunikwa.

"Umebeba nini, shemeji?"

"Kidogo tu. Cha kutia harufu. Nani atajua?"

"Sikuuliza kiasi. Nimeuliza nini."

Bakuli likabaki barabarani, na shemeji akaelekezwa bomba la nje kunawa kabla ya kuvuka kizingiti. Alinawa siku hiyo huku akitukana kimoyomoyo, na akanawa kila alipokuja baada ya hapo. Akitaka kukanusha, yupo hapa.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kumsumbua. Daktari alimwambia aache kazi ya oveni. Alimwitikia vizuri, akarudi, akakaa kwenye kigoda mlangoni na kuiendesha oveni kwa mdomo, Chiriku akiwa mikono yake. Alipolazwa, muuguzi mmoja alimletea biskuti na chai.

"Ina nini hii, mwanangu?"

"Biskuti ya kawaida tu, mama."

"Kawaida si jina. Nisomee pakiti."

Muuguzi akasoma pakiti yote kwa sauti, wodi nzima ikisikiliza. Yeye mwenyewe karanga anaweza kuzila, dada alimwambia, mwili wake haukatai kitu. "Lakini mjukuu wangu anakuja kunibusu jioni." Muuguzi yule yuko hapa leo. Ahsante, mwanangu.

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2024, binti yake akimshika mkono, yule yule binti.

Tulipokaa kupanga mazishi, shemeji alitoa wazo. Alisema tumuenzi marehemu kwa keki yake ya zamani, ya korosho, ndiyo iliyomtoa. Na duka nalo lirudi kwenye ladha yake. "Aliyekuwa anakataa hayupo tena," alisema.

Chiriku alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. "Babu," alisema, "mimi bado nipo."

Fundi hakuwa amesema neno tangu msiba uanze. Aliinuka, akatoka nje, akarudi na kigoda, akakiweka mbele ya mjukuu wake. "Kaa." Chiriku akakaa. Habari ya duka iliishia hapo, na anayedhani haikuishia akaongee na Fundi, akimkuta na msumeno mkononi ni bahati yake.

Jana tulikuwa jikoni tunaoka. Shemeji aliingia. Hakuna aliyemwambia kunawa, na mikono yake ilikuwa inachuruzika maji. Alivuta sinia la alizeti akaanza kumenya. Keki ya kwanza ilipopoa tukaikata. Akaitazama ndani, akakunja uso.

"Mmesahau ndimu."

Miaka yote ile ya kukejeli, kumbe alikuwa anasikiliza.

"Hatujasahau, Babu," Chiriku akamwambia. "Leo hatujatia."

Marehemu ameacha mume, Fundi, binti na mtoto wa kiume, wajukuu watano, mkubwa wao Chiriku, mwenye oveni, sisi wadogo wa marehemu wanne, shemeji mmoja, ambaye bado anachunguzwa, na kigoda kimoja, kisichokaliwa na mtu wa "kidogo tu."

Mkitoka hapa mtapewa keki. Ndani ni kijani, kama ile iliyompa jina, na mmeshajua si ukungu. Atakayeuliza ina nini atatajiwa kimoja kimoja kwa jina. Atakayekuja na chake mfukoni, bomba liko nje.

Alale kwa amani Mama Mbegu. Jiko lake halijalala.