Duara Moja Mwishoni

Sogeeni, wanangu, na wewe kitinda mimba weka simu chini, pumzi yenyewe hii naikopa. Jana mliponibeba hadi kaburini kwa baba yenu nilipapasa jiwe lake. Sikusoma, mnajua, lakini o naijua, ni duara kama mdomo wa sufuria, na mwisho wa lile neno kidole changu kilikuta maduara mawili. Mawili! Nani kamwambia fundi achonge “Mchungaji wa Kondoo”?

Usiangalie chini, kifungua mimba wangu. Unaona haya, wageni wa sinodi watacheka. Wacheke. Wa kwanza kucheka nilikuwa mimi.

Nilikuwa najifunza ukunga kule milimani, siku tatu kwa miguu kutoka barabarani, alipotokea kasisi kijana, viatu vimeachama, vidole vinachungulia, akasimama kifua mbele: “Mimi ni mchungaji wa kondo!” Kwao hawavuti sauti mwisho wa neno, maskini. Bibi yangu, mkunga mkuu, akamwuliza, “Kondo la nyuma?” Tukavunjika mbavu. Alipoelezwa kwamba hilo ndilo litokalo baada ya mtoto, hakukasirika. Akauliza, “Nyie mnazalishia wapi?” Bibi akamwonyesha kibanda kinachovuja, na kaburi bichi la mama tuliyempoteza humo. Basi yale mabati aliyobebesha punda kwa ajili ya kanisa, akayapigilia kwa mkono wake juu ya chumba cha wazazi, naye akasalisha juani miaka miwili. Mtu kama huyo ningemkataaje?

Miaka ikaenda, ikafika siku ya kuchagua askofu. Mzee mmoja mwenye kanzu ya pasi kali akasimama: “Kweli tuongozwe na mchungaji wa kondo?” Akaketi akijua ametumaliza. Loo! Akina mama waliojifungulia chini ya mabati yale wakapiga vigelegele mpaka mwenyekiti akachoka kugonga meza, na watoto wao, wajumbe wazima wenye ndevu, wakainua mikono. Tukashinda! Yule mzee nilimnunia miaka ishirini. Mwambieni nimemsamehe, kama masikio bado yapo.

Nyumba hii ni yenu, gaweni bila kelele. Kiwanja chenye chumba kile ni changu, nawaachia wakunga, asikiguse mtu. Fimbo ya baba yenu apewe askofu mpya. Alizaliwa mle mle, nilimpokea kwa mikono hii, ametanguliza miguu, mkorofi tangu mwanzo.

Ngojeni… maji kidogo. Hapo basi. Mnilaze ubavuni kwake. Fundi aje na saruji, azibe o ya mwisho, nami… nami nitalala. Mungu awape nyumba zenye vicheko, na wajukuu zangu watoke salama, wao na… na kondo lao. Umesikia, kifungua mimba? Duara moja.