Nani Kagusa, Mtengeneza Shanga za Kioo

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, mama tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimjua kwa jina la Nani Kagusa. Ndilo swali lililomtoka kila alipoingia chumbani akakuta kitu kimesogea hata upana wa kidole. Wasifu huu, isipokuwa sehemu ya mwisho, aliusikia mwenyewe. Alidai asomewe akiwa kitandani, kwa kuwa alishuku kwamba akishanyamaza tutamtia sukari. Alituzuia mahali pawili akasema hapo mmenisifu mno, na mahali pengine akasema hapo mmemwogopa wifi yangu. Tumerekebisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1954, mtoto wa nne kati ya sita wa mshona viatu na mfua nguo. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, na watoto wote sita walilala kimoja. Humo, kitu chako kilikuwa chako mpaka utakapogeuza shingo. Kitana, soksi, kipande cha muwa ulichoweka kiporo, vyote vilikuwa na tabia ya kuota miguu. Dada yake mkubwa, ambaye yupo hapa, anakumbuka kwamba marehemu alikuwa akilala na viatu vyake chini ya kichwa, na asubuhi anavinusa kwanza kabla ya kuvivaa, ahakikishe ni vyenyewe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961 na kumaliza mwaka 1967, kisha akasoma sekondari kwa miaka miwili. Alikuwa mzuri wa hesabu na mbaya wa kuazima. Penseli yake aliitia alama kwa kuing'ata karibu na ncha ili aitambue popote. Wenzake walipoona hivyo nao wakaanza kung'ata zao, na kabla muhula haujaisha darasa zima lilikuwa na penseli zenye meno, na yeye akawa hana tena namna ya kujua ipi ni yake. Mwalimu alimuuliza kwa nini analia. Akajibu kwamba ameibiwa alama.

Mwaka 1970 alikwenda kukaa na shangazi yake, aliyekuwa na karakana ya shanga za kioo nyuma ya nyumba yake, kwenye uchochoro wa mafundi. Huko ndiko alikopata kazi ya maisha yake. Alijifunza kukaa mbele ya mwali, kuyeyusha kijiti cha kioo na kukizungusha juu ya waya uliopakwa udongo mpaka kigeuke tone la mviringo. Alijifunza pia kwamba huo ni mwanzo tu. Ushanga wa kioo ukitolewa motoni ukaachwa upoe ghafla hubeba kinyongo ndani yake, na unaweza kupasuka hata baada ya wiki, ukiwa tayari uko shingoni mwa mtu. Kwa hiyo hupelekwa tanurini ungali wa moto, ukae humo, na joto lishushwe polepole. Shangazi alifariki mwaka 1976 na kumwachia tanuri. Lilikuwa la matofali, linatumia gesi, lina upenyo wa hewa chini na tundu la kutolea moshi juu. Marehemu aliliamini kuliko alivyowaamini watu wengi.

Mume wake alikuwa seremala wa uchochoro huohuo. Alikuja kumtengenezea mlango, kisha akarudi kuukaza, kisha akarudi kuulegeza. Marehemu aliona safari hizo si bure. Aliwauliza majirani watatu habari zake, kila mmoja kwa wakati wake ili wasipatane maneno, na alipoona majibu yanafanana sana akashuku kwamba wamepangwa, akamuuliza wa nne. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Septemba 1978, wakajaliwa watoto wawili, binti na mvulana. Dada mdogo wa mume, ambaye humu ndani wote tunamwita Wifi, alijiunga na karakana muda mfupi baadaye. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Walikaa wakitazamana, kila mmoja na mwali wake, wakataniana mpaka jioni.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu alisema tusiruke.

Mwaka 1985 shanga zao za buluu ya feruzi zilikuwa zinatafutwa kuliko zote. Mfanyabiashara mmoja wa mapambo alizoea kusimama uchochoroni, mbele ya dirisha la karakana, akijifanya anafunga kamba za viatu. Marehemu aliona mtu yule ana kamba nyingi kupita kiasi. Akamwambia mumewe alizibe dirisha. Seremala akampigilia mbao kwa mapenzi yote, akajaza nyufa kwa gundi na unga wa randa, wala mwanga haukupenya. Mlangoni marehemu akatundika gunia zito, ili hata ukifunguliwa mtu asione ndani.

Haukupita muda, sinia la shanga likatoka tanurini limeharibika. Buluu ilikuwa imefunikwa na ngozi ya kahawia nyekundu, kama ini. Sinia lililofuata likawa hivyo hivyo. Kilichomkera marehemu zaidi ni kwamba shanga za njano zilitoka salama, na zile za kioo kitupu zilitoka salama. Zilizoharibika ni feruzi peke yake. Akajiambia kwamba aliyefanya hivi anazijua zinazopendwa, na anajua wapi pa kuumiza. Na walioingia humo ndani walikuwa wawili tu.

Hapo akaanza kumwangalia Wifi kwa jicho la pembeni. Alihesabu shanga kabla hazijaingia tanurini na baada ya kutoka, na siku moja akakuta umepungua mmoja. Alinusa udongo wa kupakia waya. Alikagua mifuko ya aproni aliyoiacha Wifi alipokwenda msalani, akakuta kitambaa na peremende. Kisha kichwa kikaanza kumuuma, kila mchana, kuuma kwa kubana kama amevaa kofia ndogo, na kichefuchefu juu yake. Chai ya karakanani ilikuwa inapikwa na Wifi. Marehemu akaunganisha mambo. Kuanzia hapo, Wifi akigeuka kuchukua sukari, yeye anabadilisha vikombe.

Halafu akaamua kumvizia. Aliliweka gunia pembeni, akauacha mlango wazi, akasimama nje akijifanya anasugua masinia, jicho liko ndani. Sinia la siku hiyo lilitoka feruzi safi kabisa. Akarudia. Likatoka safi tena. Aliporudi kukaa ndani na kufunga mlango, kahawia ikarudi. Kwake yeye shauri lilikuwa limekwisha: Wifi akijua anaonwa, mkono wake unatulia, akijua haonwi, anaharibu.

"Wifi," alimwambia, "shanga zangu unazifanya nini?"

"Zako?" Wifi akauliza. "Nilidhani ni zetu."

"Nijibu."

"Nikikujibu utaniamini?"

Marehemu alitusimulia kwamba angesema ndiyo angekuwa anadanganya, na Wifi alilisoma hilo usoni mwake. Wifi akazima mwali wake, akavua aproni, akaitundika vizuri kwenye msumari, akatoka. Hakuaga. Jioni ile seremala alikula bila kuinua macho, kisha akasema jambo moja tu, kwamba mkewe amemfukuza dada yake kwa ushahidi wa rangi. Walipolala, kila mmoja alitazama ukuta wake.

Marehemu akabaki peke yake. Akajipikia chai mwenyewe, kwa maji aliyoyateka mwenyewe. Kichwa kikauma vilevile. Akapanga shanga mwenyewe, akafunga mlango kwa komeo la ndani, akakaa akilikodolea tanuri macho. Shanga zikatoka kahawia. Kwa muda alimshuku mumewe, kwamba analipiza kisasi cha dada yake, mpaka alipokumbuka kwamba mumewe hajatia mguu humo tangu alipoziba dirisha. Akaona njia iliyobaki ni kuubana hata ule upenyo wa chini wa tanuri, asije mtu akapitisha kitu kwa nyuma. Akauwekea tofali.

Mchana huo seremala alikuwa uani akipiga randa aliposikia sinia likianguka. Akaita, hakujibiwa. Akasukuma mlango, komeo likakataa. Akachukua mtaimbo akazing'oa mbao za dirisha alizozipigilia mwenyewe, akaingia, karibu azimie naye, akamburura mkewe na kumpitisha dirishani mpaka uani. Marehemu alipofumbua macho alikuwa amelala ubavu, anatazama ndani kupitia lile tundu la dirisha. Tofali la chini lilikuwa limepigwa teke katika purukushani. Akaona moto wa tanuri. Ulikuwa wa njano, mlegevu, unaramba matofali kama ulimi wa mgonjwa. Na hewa ilipoingia akauona unasimama, unakuwa mfupi, unageuka buluu.

"Nani kagusa moto?" aliuliza.

"Hakuna aliyeugusa," seremala akasema. "Nimefungua dirisha tu."

Mtu mwingine angeridhika hapo. Marehemu hakuridhika, kwa sababu hata hewa hakuiamini mpaka ajaribu. Alipopata nguvu alipanga sinia moja na dirisha likiwa wazi, likatoka feruzi. Akapanga jingine, akaliziba dirisha kwa blanketi, akafunga mlango na yeye mwenyewe akakaa nje, likatoka kahawia. Ndipo akaelewa. Buluu ile inatokana na shaba iliyochanganywa kwenye kioo. Moto ulionyimwa hewa una njaa, na njaa hiyo huinyang'anya shaba iliyo usoni mwa ushanga oksijeni yake, rangi ikageuka. Kioo cha njano hakikuwa na shaba, ndiyo maana kilipona. Na moto huohuo wenye njaa ulikuwa unatoa sumu isiyo na harufu, ambayo ndiyo iliyombana kichwa. Hakuna mtu aliyeingiza mkono. Mlinzi ndiye aliyekuwa amefunga mlango wa hewa.

Wifi wakati huo alikuwa akishona vifungo kwa fundi cherehani, barabara ya pili. Marehemu alikwenda akasimama mbele ya meza yake. Wifi hakumkaribisha kiti.

"Nilikuonea," marehemu alisema. "Ilikuwa hewa."

"Na kichwa?"

"Na kichwa pia. Tungekufa wote wawili mle ndani."

Wifi alimaliza kifungo, akakata uzi kwa meno. Akasema kwamba na yeye kilikuwa kinamuuma, ila aliogopa kusema asije akaambiwa anajifanya. Akasema pia kwamba alikuwa anamwona akibadilisha vikombe, na kwamba mara nyingine alivirudisha, kwa sababu na yeye alishaanza kujiuliza kuna nini kwenye chai. Kisha akaokota kifungo kingine.

"Sikuharibu hata mmoja," alisema. "Lakini mmoja niliuchukua. Ule wa kahawia. Wewe ulikuwa unazitupa, mimi niliuona mzuri."

"Nilijua," marehemu akasema. "Nilihesabu. Nilijua upo mmoja umepungua."

Wanaomfahamu watatuelewa tukisema kwamba hakuwahi kufurahi hivyo. Alicheka mpaka akakaa chini, na Wifi, ambaye alikuwa amepanga kukasirika mwaka mzima, akashindwa kujizuia. Hata hivyo hakurudi upesi. Alirudi mwaka uliofuata, kwa sharti kwamba dirisha libaki wazi na kila mtu ajipikie chai yake. Seremala akaweka wavu wa chuma dirishani na dohani ya kutolea moshi juu ya tanuri. Na kutokana na ule ushanga mmoja wakajifunza kuiongoza hewa wenyewe: kulipatia tanuri hewa tele shanga zikiwa za buluu, au kuubana upenyo kwa muda mfupi, mlango na dirisha vikiwa wazi na wao wakiwa nje, kioo kikiwa bado cha moto sana, mpaka usoni kuje mng'ao wa shaba, kisha kuufungua tena. Shanga hizo za kahawia ndizo zilizolipa kodi, ada za shule, na paa la nyumba hii. Mama mkwe mmoja aliyezivaa harusini aliulizwa kama ni dhahabu, akajibu kwamba hataki kusema.

Tusidanganyane, marehemu hakuacha kushuku. Wakwe zake watarajiwa aliwahoji wote. Mpiga picha wa harusi ya binti yake aliambiwa afungue kamera ili marehemu aone kama kuna filamu. Lakini kuanzia mwaka ule alikuwa na mazoea mapya: kabla ya kumuuliza mtu, alijiuliza kwanza yeye mwenyewe alifanya nini. Mara nyingi jibu hilo lilimnyamazisha.

Mwaka 2020 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alizisoma karatasi za dawa mpaka wauguzi wakawa wanamletea miwani kabla ya vidonge. Uji wa hospitali hakuutaka mpaka auonje mtu kwanza, na Wifi, bila kuambiwa, alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda, anaonja kijiko kimoja, anasubiri kidogo kwa utani huku amejishika tumbo, kisha anamlisha. Miaka mitatu ilikwenda hivyo, nyumbani na wodini. Hatukumsikia akilalamika maumivu. Alilalamika kwamba mtu anamhamishia kandambili zake.

Ijumaa tarehe 11 Agosti 2023, mchana, hali ilibadilika. Mume wake, watoto wake na Wifi walikuwepo. Muuguzi aliingia na sindano. Marehemu akamuuliza ni ya nini. Muuguzi akamwambia ni ya kupunguza maumivu. Tulisubiri swali la pili, kwa kuwa lilikuwepo siku zote: nani kaagiza, imefunguliwa lini, mbona ile ya jana ilikuwa na kofia nyekundu. Yeye akamtazama yule muuguzi, akanyoosha mkono wake mwenyewe, akasema, "Haya."

Wifi ndiye wa kwanza kuanza kulia. Saa tisa alasiri mama alikata roho.

Ameacha mume, binti na mwana, wajukuu watano, kitukuu mmoja, dada yake mkubwa na ndugu zake wawili, Wifi, na wanafunzi wake wa karakana walioketi kule nyuma. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliotushika mkono, na kila aliyefika.

Mwenyezi Mungu ampokee, ampe pumziko jema na utulivu ambao hakuna wa kuugusa.