Sumaku, Mtafiti wa Kasa, Arudishwa Kwao

Marehemu, ambaye wasifu wake unasomwa na mdogo wake wa kike, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba hii hii, chumba cha uani, mtoto wa pili kati ya watatu. Jina la Sumaku alilipata akiwa na miaka saba. Alichomoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, akaiweka juu ya saa ya baba aone itafanya nini. Saa ikasimama. Alichapwa, lakini jioni alimnong'oneza mdogo wake kwamba viboko si kitu, maana sasa amejua.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya karakana ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1984 akahitimu shahada ya baiolojia ya bahari. Mama alishona sare za watoto wa watu hadi macho yakamwisha ili yeye asome. Hotuba za leo zimelisahau hilo.

Mwaka 1985 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa bahari, akakaa huko hadi alipostaafu 2021. Alitaka kujua kasa anaionaje njia katikati ya maji yasiyo na alama. Alizungushia tangi fremu ya mbao yenye nyaya za shaba, akawavisha vitoto vya kasa vikoti vya kitambaa vilivyofungwa uzi, kisha akabadilisha umeme kwenye nyaya. Sumaku ya mle ndani ikifanana na ya bahari ya mbali, vitoto viligeuka, vikaogelea kama kwamba viko huko kweli. Chuma hakikuruhusiwa chumbani. Mkurugenzi mwenyewe aliacha mkanda mlangoni, akatazama majaribio huku ameshikilia suruali, na marehemu hakumwonea huruma.

Mwaka 1988 aliolewa na fundi umeme aliyezisuka nyaya hizo. Alipomleta nyumbani kumtambulisha, kaka yake, kichwa cha nyumba tangu baba afariki, alisema fundi hana ukoo unaojulikana, akafunga mlango kwa ndani. Walikaa barazani na mkoba wao hadi mvua ilipowaondoa. Marehemu hakuja tena hapa. Walijaliwa binti mmoja. Mumewe alifariki 2009, akazikwa karibu na kituo, na marehemu aliomba alazwe kando yake.

Alianza kuugua saratani ya ini Novemba 2023, akafariki tarehe 2 Juni 2024, mikononi mwa binti yake.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizogawiwa, kaka aliyafuta. Katika kikao cha familia alisema mtu huzikwa kwao, na kwamba hata kasa wa marehemu hurudi pwani walikozaliwa. Binti alipokumbusha ombi la mama yake, aliambiwa yeye ni mtoto. Asiyekuwepo na lake halipo, wakaamua.

Habari hiyo ya kasa, kaka aliisikia nusu. Kule hospitalini, mdogo wake alimuuliza marehemu kama hatamani kurudi nyumbani.

"Kasa hajui nyumba, mdogo wangu," alijibu. "Anajua sumaku ya pwani ile ilivyokuwa alipotoka kwenye yai. Na sumaku ya dunia inahama kidogo kidogo. Akiifuata, pengine anapanda pwani nyingine, na hapo ndipo anapotaga. Hajapotea."

Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, mdogo wake anayesoma haya, na kaka yake, ambaye asubuhi ya leo amemfungulia mlango kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1988.

Tunamlaza mbali na mumewe. Amani aipate hivyo hivyo.