Mizani Chini ya Rafu ya Chuma

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tumkumbuke mwalimu wa fizikia ambaye wanafunzi wake walimwita Sumaku. Amezikwa juzi. Mwalimu Sumaku aliamini jambo moja: nguvu inayotuvuta chini na nguvu ya umeme ni nguvu moja, iliyotenganishwa na vitabu tu. Nguvu moja, wasikilizaji. Kwa imani hiyo aliacha kufundisha, akajifungia stoo.

Mle stoo alisuka waya wa shaba, akauweka juu ya mizani. Akiwasha umeme, waya unapungua uzito. Kidogo tu, lakini unapungua! Watu wakaja, wakapiga makofi. Sisi wa redio nasi hatukubaki nyuma.

Mkewe ni fundi cherehani. Siku moja aliingia kumwita mumewe ale, pini kazibana midomoni kama mafundi wafanyavyo. Umeme ulikuwa umewashwa. Moja ikamponyoka, ikanasa kwenye ule waya. Mama akainua macho. Juu ya mizani palikuwa na rafu ya chuma.

"Baba watoto, kama waya wako unavuta pini yangu, hauvutwi na hiyo rafu? Hebu hamisha mizani."

"Wewe shona," akajibiwa.

Basi akashona. Akalisha nyumba, akasomesha watoto, na wageni wa mumewe akawaandalia chai. "Nilikuwa nameza tu," ametuambia. "Mtu unameza mpaka unashiba." Kwa kweli inauma.

Mwezi uliopita mwalimu alikuwa hoi kitandani. Akamwita mkewe. "Mama watoto, peleka mizani uani. Washa."

Mama akaibeba, akaiweka mbali na chuma chochote. Akawasha. Mshale ukakaa palepale. Akazima, akawasha tena. Palepale.

Akarudi chumbani.

"Umepungua?"

"Haukupungua."

Mwalimu akageukia ukutani. Hakumsemesha tena mpaka alipokata roho.

Binti yao mkubwa alimkabili mama yake mbele ya waombolezaji. "Ungemwambia umepungua! Ungepungukiwa nini?"

"Aliponiambia nishone, nilishona," mama akasema. "Aliponiuliza, nikamjibu."

Mpaka leo hawasemeshani.

Familia ya mwalimu, poleni sana, Mungu awape subira. Nanyi wasikilizaji, tafakarini. Kama nyumbani kwako yupo mtu aliyekuambia ukweli ukamnyamazisha, mwendee leo, ungali na nguvu za kumwomba radhi. Mama huyu hakuombwa.