Mama Fredi Alivyoitisha Kikao cha Harusi

Dada yetu Kokuberwa, ambaye mtaa wote wa Madale, Dar es Salaam, ulimwita Mama Fredi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1964 Kanyigo, Bukoba, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Revelian. Alisoma shule za serikali tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, na ole wako uzidharau mbele yake.

Mwaka 1986 aliajiriwa ukarani Dar es Salaam, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 2019. Alifunga ndoa na Bwana Adelard mwaka 1988, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2005 darasa la kwanza la shule ya mtaani lilisomea chini ya turubai. Mvua ikinyesha, watoto walirudishwa nyumbani. Dada aliita wazazi wazungumze, hawakuja. Basi akagawa kadi za kikao cha harusi. Sebule ilifurika! Walipokwisha kula ndizi na senene, panzi wa kukaanga wa kwetu Bukoba, jirani yake, Mzee Suleiman, fundi ujenzi, akauliza, "Mama Fredi, bibi harusi yuko wapi?"

"Bibi harusi ni shule. Harusi nyie hamzikosagi, basi leo mnichangie darasa."

Wengine walicheka, wengine wakanuna. Najma, muuza duka, akamkabili: "Mbona Hope wako anapandaga basi la njano kwenda inglishi midiamu?"

Dada akajibu, "Jumatatu ataanza hapa hapa."

Na Jumatatu Hope, kitinda mimba wake, alikaa chini ya turubai na wenzake. Baada ya hapo kila mtu alichangia. Mzee Suleiman alijenga, Najma akaleta bati, na mvua za vuli zilikuta darasa limeezekwa. Tunajivunia sana dada huyu. Mzee Suleiman alimwonya tu: "Ukituita tena, bibi harusi tumwone kwa macho."

Mwaka 2023 aliugua figo. Hope, sasa mhandisi, alipochumbiwa, mama yake aliongoza vikao vya harusi hapo hapo sebuleni, akiwa amelala kwenye kochi. Alifariki tarehe 9 Septemba 2025.

Ameacha mume, watoto Fredrick, Stanley na Hope, wajukuu watano, na darasa ambalo halivuji.

Jana msibani tuliulizana kama harusi ya Hope ya Desemba iahirishwe. Mzee Suleiman akasimama. "Kikao kipo, na sebule ni ile ile. Safari hii bibi harusi tunaye. Aliyetualika ndiye hayupo."

Pumzika kwa amani, dada. Tutakuja wote.