Walimsamehe Badi

Usiku wa saa saba nilisikia mlio mdogo, kama wa panya anayeguguna gunia, nikajiambia ni panya, nikaomba awe panya, nikapapasa kitandani nikamkuta mume wangu ameuma shuka, ameiuma kwa meno yote ili asilie kwa sauti, maana dirisha letu liko juu ya benchi, na benchi lile hata watu wakiondoka mtu huhisi limebaki likisikiliza. Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu Badi arudi kwa mlango wa uani. Alikuwa mhudumu wa meza kwenye hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Yakatokea yale ya Agosti, ya wanajeshi kutaka kupindua serikali, wazungu wakafunga mabegi, na Septemba naye akapewa barua yake ya kuachishwa kazi. Akaenda Kikambala, lango kwa lango, akarudi usiku ule ule miguu imevimba, akalala, akasema neno moja tu: "Nikiulizwa, bado niko Kikambala." Tangu hapo nasema uongo, namwambia mwenye duka, namwambia jirani kisimani, na nyumbani yeye hanywi ila uji, mtoto hamshiki, ukuta ndio anaoutazama. Kamba ya ndoo ya kisima nimeificha nyuma ya mtungi. Sikutaka kujiuliza kwa nini.

Chini ya dirisha ndiko wanakokaa. Kahawa huiuza wanayemwita Hakimu, ambaye alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini, akatoka na koti lake la kaki na sheria nusunusu. Anayekunywa kwa deni huchorewa mstari wa makaa ukutani petu. Mistari ya Badi ni arubaini na mmoja, naijua, nimeihesabu nikifagia. Wengine ni Saad kinyozi, wanayemwita Redio, na sina haja ya kueleza. Abdulghani mwenye duka, wanayemwita Mizani. Na Kioko, seremala, Mkamba wa Machakos aliyezoea pwani, wanayemwita Futi. Wote watatu wanamdai Badi. Siku ile walipotoka alasiri wakakaa, nami nikakaa nyuma ya dirisha na Mastura kifuani, miezi saba, nikimnyonyesha ili anyamaze.

Redio: Leo siku ya ngapi hatumwoni Badi?

Hakimu: Kesi hiyo imekwisha. Yuko Kikambala, mkewe kashatoa ushahidi.

Redio: Ushahidi wa mke! Mimi nimemnyoa mtu juzi, katoka Kikambala, kila hoteli kapita. Hakuna Badi.

Futi: Labda amewekwa jikoni, huko mtu haonekani.

Mizani: Mimi sina haja ya kujua Badi yuko wapi. Nataka kujua elfu mbili na mia tatu zangu ziko wapi.

Ziko Mombasa, nilitaka kumwambia. Ziko kwa daktari wa moyo. Bi Mwanabibi, mamake Badi, alianguka Mambrui mwezi wa Mei, na Badi alikuwa na kazi wakati ule, alikopa kama mtu mwenye kazi, akampeleka, akapona nusu. Daktari alituambia mama huyu asipewe habari ya ghafla hata ya furaha. Ndiyo maana mpaka leo hajui kama mwanawe hana kazi. Kila Ijumaa tulimpelekea salamu na kilo ya sukari, na sukari yenyewe ilitoka dukani kwa Mizani, kwa deni.

Redio: Sikilizeni basi. Badi yuko Jidda. Anachinja kondoo.

Hakimu: Kwa paspoti gani?

Redio: Paspoti ya nini, na mtu ana kisu? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Futi: Hiyo methali haiingii hapo, Redio.

Redio: Itaingia, iache ipoe kwanza. Au basi kachukuliwa na yule mama wa Kitaliano, yule aliyekuwa hali mpaka Badi amtilie chumvi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hakimu: Nguo gani, yakhe, na wale hawavai?

Wakacheka. Nikageuka kumwona Badi kama amecheka. Alikuwa amelala chali, macho wazi, kikoi chake cha buluu kimemfunika mpaka shingoni.

Mizani: Nyinyi mwacheka kwa kuwa fedha si zenu.

Redio: Mimi je? Mia na hamsini si fedha? Vichwa vingapi hivyo vya kunyoa?

Futi: Na kitanda changu mia sita, mbao ya mvule! Nilimwambia alipe kidogo kidogo, haba na haba hujaza kibaba. Kumbe kibaba kinajaa upande wake tu.

Hakimu: Mimi nina fikira yangu. Lakini shusheni sauti.

Wakainama. Nami nikainama.

Hakimu: Huenda kashikwa kwa yale ya Agosti.

Mizani: Mhudumu wa meza? Kapindua nini, sahani?

Hakimu: Nimesema shusha sauti!

Mtu akanywa kahawa kwa kufyonza.

Futi: Kwetu kulikuwa na mzee, alidaiwa mbuzi saba. Akapotea. Mwaka mzima bundi analia juu ya nyumba ya mwenye mbuzi. Alipowasamehe tu wale mbuzi, bundi kaondoka. Basi mimi sasa nikisikia ndege usiku naangalia kwanza.

Redio: Futi, hilo la bundi mbona liko karibu na kweli. Mimi nilikuwa sitaki kulisema.

Hakimu: Wewe? Kulikuwa na neno hutaki kulisema?

Redio: Wallahi. Jana asubuhi, Mayungu, bahari imetema mtu. Mwanamume. Uso hautambuliki. Amevaa kikoi cha buluu.

Hapakuwa na mtu aliyecheka tena.

Mizani: Badi ana kikoi cha buluu.

Hakimu: Nusu ya Malindi ina kikoi cha buluu.

Redio: Nusu ya Malindi imepotea siku kumi na moja? Imefutwa kazi? Inadaiwa na watu watatu waliokaa benchi moja? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na huyu kayaoga, maskini, kayaoga yote.

Hakimu: Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Nikasikia "inna lillahi" ile ikipita dirishani, ikampita mtoto, ikamfikia mwenyewe kitandani. Redio akainuka ghafla akaenda hadi kona, pale linaposimama gari la Mambrui, akakaa kidogo akarudi. Nikadhani amekwenda haja.

Mizani: Keshazikwa?

Redio: Watamzika kesho. Wangojea mtu wa kumtambua.

Mizani: Basi kabla ya jeneza kuinuliwa mtu atasimama aulize, nani anamdai marehemu? Nami nisimame, na mamake yuko Mambrui mgonjwa, nimwambie nini? Roho ya mtu huning'inia kwa deni lake. Mimi namsamehe. Elfu mbili na mia tatu. Duniani na akhera.

Sauti ya Mizani ilikatika mwishoni. Mwanamume huyu aliyeninyima nusu kibaba cha unga Jumanne, akinitazama usoni, alikuwa analia.

Futi: Mimi ni Mkristo, lakini hata kwetu iko. Nasamehe kitanda. Alalie... si alalie, hata sijui niseme nini. Nasamehe tu.

Redio: Na mimi. Mia na hamsini. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga ndiyo haya, basi kashalipa.

Nilisikia kiganja cha Hakimu kikisugua ukuta chini ya dirisha, taratibu, kikisugua na kusugua, vumbi la chokaa likianguka. Mistari arubaini na mmoja.

Ndipo mkono ukanishika kifundoni. Badi alikuwa ameketi. Siku kumi na moja hajaketi, na ameketi, na anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonitia hofu kuliko kilio cha usiku.

— Shekha, akaninong'oneza. Umesikia? Nimesamehewa.

— Nyamaza, watakusikia.

— Sidaiwi. Waache wanizike. Nitatoka usiku, nitakwenda mbali, wewe utakaa eda, watu watakuletea chakula. Maiti hafukuzwi kazi, Shekha.

Nikataka kumwambia mambo kumi kwa pamoja, kwamba huyo atakayezikwa ni mwana wa mtu mwingine, kwamba mimi nina miaka ishirini na mmoja, kwamba Mastura ataitwa yatima na babake anakula ugali wa watu mahali fulani. Nje pakaja mtu. Nilimwona kwa mwanya wa dirisha, mwembamba, mfuko wa muhogo begani.

— Hodi hapa, wazee. Shikamooni.

Hakimu: Marahaba. Karibu kahawa. Watoka wapi, mwanangu?

— Jilore. Naitwa Dzombo. Nilikuwa bustanini pale hotelini, tuliandikiwa barua siku moja na Badi. Nimemletea muhogo. Nyumba yake ni hii?

Wakatazamana. Redio, wa watu wote, akakosa sauti. Hakimu ndiye aliyemweleza, kama anavyosoma hati: Mayungu, kikoi, siku kumi na moja, deni lililosamehewa. Dzombo akauweka mfuko chini, akakaa, akashika kichwa. Kisha akauliza, na aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia:

— Na mkewe, ameambiwa na nani?

Nilisikia kikombe kikirudishwa kwenye sinia. Nikajua, bila kuwaona, kwamba wote wameinua macho kulitazama dirisha, lile lile walilokuwa wakisemea chini yake tangu alasiri.

Dzombo: Nauliza kwa sababu yuko hapo juu ya vichwa vyenu. Na kama ana mtoto, ale nini kwa siku zote hizo?

Futi: Hakimu, tia kahawa.

Hakimu: Imekwisha.

Mizani: Shekha... mwanangu. Uko dirishani?

Nikamtazama Badi. Akaniashiria kwa kichwa: lia. Alinionyesha kwa mkono, lia, piga ukemi, ndio mwisho wa shida. Nikafungua mdomo nilie. Wallahi nilitaka. Nilikuwa na machozi ya miezi mitatu, yalikuwa tayari, ilibaki kuyaachia, na yeye amenikodolea macho akingoja, ndevu zimemwota, mbavu zinahesabika, hai. Sauti haikutoka. Ikatoka nyingine, na sikuipanga:

— Nipo, Bwana Abdulghani. Lakini siwezi kumlilia mtu anayenitazama.

Mastura akaacha ziwa akamtazama babake, basi, hakufanya zaidi ya hapo. Badi akaziba uso kwa mikono, akakaa hivyo muda ambao nilidhani hautakwisha, kisha akateremsha miguu chini. Alishika ukuta mpaka mlangoni. Akafungua mwenyewe.

Redio alipiga shahada. Futi alisimama akakaa akasimama. Badi hakumsalimu mtu. Akainama kando ya jiko la kahawa, akachukua kipande cha kaa kilichozimika, akaenda ukutani, akaanza kuchora. Mistari mingine ilipinda. Walimtazama wote, na sisi wote, nadhani, tulikuwa tunahesabu. Arubaini na mmoja. Akaliacha kaa.

Mizani: Badi, mimi ule msamaha wangu...

Badi: Ulikuwa wa maiti. Najua, Bwana Abdulghani. Andika tena. Na kitanda pia, na mia na hamsini. Sina kazi. Sina hata shilingi. Nadaiwa. Yaandikeni.

Mizani: Nitayaandika. (Alipangusa uso kwa kofia yake.) Sitakuambia ulipe lini.

Dzombo: Jilore kuna palizi mpaka mwezi ujao. Malipo ni madogo, ni aibu kuyataja. Lakini nyumba iko.

Badi akaitikia kwa kichwa, mara moja. Hakutabasamu, na nilishukuru. Akasema, pole pole, kama mtu anayejaribu sauti yake:

— Kitu kimoja tu nawaomba. Haya ya kuzikwa yaishie benchini hapa. Yasifike Mambrui. Mama mnamjua hali yake.

Mizani: Yameisha.

Futi: Mimi hata sikumbuki.

Hakimu: Imeamuliwa.

Ikabaki zamu ya Redio. Alikuwa anatazama kona.

Hakimu: Saad. Wewe je?

Redio: Mimi... kumbe nilifanya haraka. Nilisema mama wa watu asije akasikia kwa wapita njia. Nilimwambia utingo wa gari la Mambrui, amwendee taratibu, aanze na salamu.

Badi: Gari gani?

Redio: Lililoondoka saa kumi na moja.

Badi alikuwa ameshaanza kukimbia, na kikoi chake cha buluu, na miguu ile iliyovimba, na Dzombo nyuma yake, na Hakimu akipiga kelele aitwe mwenye baiskeli, yeyote mwenye baiskeli. Mfuko wa muhogo ulianguka ukamwagika. Nilitoka mlangoni na mtoto, kichwa wazi, sikujali, nikasimama mbele ya Redio, na yeye akainua uso uliokuwa umelowa, akaweka mkono kifuani mwake kama mtu anayekula kiapo.

— Shekha, mwanangu, nisamehe. Wallahi, sitamwambia mtu mwingine.